Mtoto Hana Meno

"Usinitie maneno mdomoni, Shabani! Kichwa chake kilikuwa kwenye paja langu hili. Wewe ulikuwa unahangaika na mlango!"

"Na bila mlango huo tungembebea nini? Kanga yako?"

"Alisema mtoto!"

"Nani kabisha? Alisema mtoto. Ninachobishia mimi ni mtoto gani!"

"Kwani ana wangapi? Kulwa alikufa na surua angali ananyonya, akabaki Dotto. Sasa unataka mtoto yupi, wa kuazima?"

Yudith alikuwa upande wake wa safu ya masale iliyokuwa mpaka wa nyumba zao mbili, Shabani upande wake, na kati yao, viatu vikiwa vimejaa tope jekundu, alisimama Sajini Saumu wa upelelezi na daftari lake. Alikuwa hajauliza swali hata moja. Kwemkulo hapakuwa na haja ya kuuliza. Ulikuwa ukisimama tu mahali, maneno yanakujia yenyewe. Kijiji kizima kilijua nani kachelewa kurudi na nani jana kala kwa nani. Kwa hiyo Fundi Danieli alipokutwa Ijumaa asubuhi kwenye karakana yake, kapasuliwa kichwa kwa nyundo yake mwenyewe ya mti, jibu lilikuwa limeshapatikana kabla polisi hawajavaa kofia.

Fundi hakufa papo hapo. Shabani, aliyekwenda kuomba maranda ya kumtandikia ng'ombe wake, ndiye aliyemkuta. Alipiga ukelele, Yudith akaja mbio, wakambeba juu ya mlango wa mbao laini za msindano ambao fundi alikuwa bado hajaufunga bawaba. Walifika naye hospitali akiwa anapumua. Kabla ya adhuhuri, pumzi ikakata. Njiani alisema maneno matatu, akayarudia mara tatu, na kwa maneno hayo matatu mwanawe Dotto alikuwa mahabusu siku ya nne sasa.

"Mama Yudith," Saumu alisema, "hebu nipe maneno yenyewe. Usinipe maana yake."

"Mtoto hana meno." Yudith akafuta jicho kwa ncha ya kitenge. "Hivyo hivyo. Mtoto hana meno. Sasa, mwanangu, Dotto meno yake ya mbele umeyaona? Mawili ya juu yalibaki Soni, siku aliyoanguka kwenye lori la mbao. Mzee alikuwa anamtaja kwa alama, asije akasingiziwa mtu mwingine."

"Alama!" Shabani akatema mate pembeni. "Mtu ana mtoto mmoja duniani, halafu amtaje kwa alama? Sajini, mwanangu, nisikilize mimi mzee. Danieli na mwanawe walikuwa Kishambaa mwanzo mwisho. Wakigombana Kishambaa, wakisali Kishambaa. Leo mtu anakata roho, ndiyo akumbuke Kiswahili?"

"Kichwa kimepasuka kama boga, wewe unataka achague lugha!"

"Ndiyo! Mtu akiumia anarudi kwa mamaye. Hakimbilii redioni!"

Saumu aliyaandika hayo, akayapigia mstari. Alikuwa ametumwa kutoka Lushoto kukamilisha faili tu: maelezo ya mashahidi wawili, mchoro wa eneo, basi. Gari la kumpeleka Dotto Tanga lilikuwa linaondoka saa tisa alasiri. Kosa lake lilikuwa moja tu katika vitabu vya sheria, na adhabu yake ilikuwa moja, kitanzi. Saa ya mkononi ilionyesha saa tatu na robo asubuhi.

"Nifungulieni karakana," alisema.

Karakana ya Fundi Danieli ilikuwa chumba kimoja chenye nchi mbili. Kulia, upande wa baba, zilipangwa kazi za mtindo wa misheni alikofundishwa ujana wake: stuli za miguu mitatu, kabati la vyombo lenye milango ya vioo, kitanda cha besera, cha nguzo nne, kilichokosa kichwa. Kila kiungo ulimi umeingia kwenye tundu lake, ukakazwa kwa kijiti na gundi. Hapakuwa na msumari. Kushoto, upande wa mwana, ilikuwa nchi mpya ya enzi hizi za ruksa: fremu za sofa za msindano mbichi, migongo ya hadibodi, sponji, na mahameli ya zambarau iliyobanwa kwa pini za chuma. Watu wa mjini waliyapigania makochi hayo. Baba yake aliyaita masanduku ya kukalia.

"Jumatano waligombana," Yudith alisema mlangoni. Ndani hakutaka kuingia. "Mzee alibeba kochi akalitupa barabarani. Dotto akamwambia, 'Baba, wewe fanya kazi ya wafu, mimi nafanya ya walio hai.' Niliyasikia kwa masikio haya."

"Na Ijumaa, Dotto alikuwa wapi?"

"Anasema alilala Soni, kutafuta sponji. Muuza sponji anasema hamkumbuki."

Sakafuni, chini ya meza ya kazi, maranda yalikuwa yameshikana, meusi. Saumu aliruka mahali pale. Kwenye jiliwa kulikuwa kumebanwa ubao mwembamba, uliopigwa randa mpaka unang'aa, wa rangi ya asali iliyokolea. Aliinama, akanusa. Harufu kali, kama dawa ya kifua.

"Mkulo," Shabani alisema. "Sasa hivi mkulo haukatwi, misitu wamefunga. Hiyo kaitoa kwenye mlango wa zamani, bila shaka."

Kwenye ncha ya ubao fundi alikuwa amechora kwa penseli safu ya meno mapana yenye kiuno chembamba. Mawili yalikuwa yamekatwa. Katika la tatu, msumeno mdogo ulikuwa bado umekwama katikati ya mkato. Kwa hiyo Danieli alipigwa akiwa kazini, mgongo kwa mlango, na aliyeingia hakumshtua. Pembeni kulikuwa na kijiti cha mwanzi chenye alama tatu za kisu.

"Hiki nini?"

"Kipimo chake. Hakuwa na haja na futi. Anakwenda kwa mtu na kijiti, anarudi nacho: upana, kina, kimo. Kila kazi na kijiti chake. Kazi ikiisha anakichoma."

Saumu alikipima kijiti kwenye kila kitu kilichokuwamo. Hakikuingia kwenye kabati, hakikulingana na stuli wala kitanda. Chochote kile ambacho Fundi Danieli alikuwa anakitengeneza alipokufa, mahali pake hapakuwa humo ndani. Alikitia kijiti ndani ya daftari, akauliza swali lake la mwisho.

"Mzee alizikwa na jeneza la nani?"

Wale wawili wakatazamana. Ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi wakubaliane jambo.

"La kununua," Yudith alisema polepole. "Msindano. Misumari mitupu. Mtu aliyewapigia majeneza nusu ya makaburi ya hapa."

*

Dotto alikuwa ameketi sakafuni mahabusu, kisogo ukutani, sahani ya maharage ikiwa haijaguswa. Kijana wa miaka thelathini hivi, mabega mapana, vidole vina makovu ya patasi. Askari wa zamu alisema hajazungumza tangu Jumamosi.

"Dotto. Mimi ni Sajini Saumu. Gari lako linaondoka saa tisa."

Dotto aliisogeza sahani kando kwa mguu.

"Ulimpiga baba yako?"

"Baba kanitaja," alisema. Herufi zilipenya kwenye pengo zikawa na upepo. "Andikeni mnachotaka."

"Nimekuuliza ulimpiga?"

"Baba hakuwa mtu wa uongo. Hata kwa mteja. Akikwambia kiti Jumamosi, Jumamosi unakalia. Jumatano nilimtukana, na hatukusemezana tena. Kama kafa anasema ni mimi, nitasimama wapi nimwite mwongo?"

"Walikwambia alisema nini?"

"Walisema kanitaja. Kasema mtoto."

"Hakusema mtoto tu." Saumu alifungua daftari, akasoma bila haraka. "Alisema, 'Mtoto hana meno.' Mara tatu."

Mkono wa Dotto ulipanda wenyewe kuziba mdomo, kama ulivyozoea kila alipotazamwa. Halafu ukashuka.

"Rudia."

"Mtoto hana meno."

"Kwa Kiswahili?"

"Kwa Kiswahili."

Kilichomtoka Dotto kilianza kama kicheko, kikavunjika katikati, kikawa kitu kingine. Askari wa zamu akachungulia. Saumu akamfanyia ishara aondoke.

"Afande, hilo si jina langu. Hilo ni tusi lake kwa kazi yangu." Alijifuta uso kwa shati. "Nyie mnasema droo. Mimi nasema droo. Mzee hakuwahi kusema droo maisha yake yote. Misheni waliwafundisha mtoto wa meza. Akiwa kazini anafupisha, mtoto, basi. Mlete mtoto, mtoto kakwama, mtoto kavimba kwa mvua. Lugha ya kazi yote kwake ilikuwa Kiswahili, ya nyumbani ndiyo Kishambaa."

"Na meno?"

Dotto aliingiza vidole vya mkono mmoja katikati ya vidole vya mwingine, akavikaza. "Pembe za mtoto. Ubao wa mbele na wa ubavuni unakatwa meno, yanaumana. Huhitaji msumari, na ukivuta miaka hamsini haiachii. Mimi sina muda huo, napigilia. Na kila nilipopigilia alikuja akaitazama, akasema: mtoto hana meno, huyu hatafuni mwaka."

Saumu aliukumbuka ule ubao ndani ya jiliwa. Alikaa sakafuni, akamtazama Dotto usawa wa macho.

"Kwa hiyo aliona droo mahali. Droo yenye misumari, mahali palipotakiwa kuwa na yake. Ndiyo iliyokuwa kichwani mwake alipopigwa. Sasa fikiri vizuri. Kuna mtu uliyempigilia droo peke yake, bila meza?"

Hakufikiri hata.

"Hamza. Yule wa bondeni. Alikuja kabla ya Ramadhani na kipimo cha kamba ya mgomba. Nilimwambia lete meza nijue inavyokaa, akasema haina haja. Nikamtengenezea ya msindano. Akataka ifanane na mkulo, nikaipaka rangi ya viatu. Akaniambia nisimwambie mzee, atatucheka wote wawili."

"Hamza ana meza ya mkulo?"

"Hamza?" Dotto akatikisa kichwa. "Hamza anakalia gunia. Mwenye meza alikuwa kaka yake, marehemu Issa."

Mkuu wa kituo alikuwa anapiga muhuri bahasha ya faili Saumu alipoingia ofisini. Alimsikiliza hadi mwisho, akatazama saa ya ukutani.

"Sajini, unataka nikapeleke droo mbele ya jaji?"

"Nataka muda, Afande."

"Saa tisa. Ukirudi na kitu, tutaongea. Ukirudi mikono mitupu, kijana anapanda gari."

*

Mwanaisha, mjane wa Issa, alikuwa anatandaza maharage juani. Nyumba yake ilikaa mgongoni mwa kilima. Chini yake shamba la miplamu liliteremka hadi kwenye mfereji, na kando ya mfereji, juu ya jiwe kubwa, mtu alikuwa amechora namba kwa chokaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekuja kwa ajili ya shamba?"

"Kwa nini unasema shamba?"

"Si ndilo linaloleta watu na viatu?" Alicheka bila furaha. "Kuna mtu wa Dar anataka kujenga hoteli hapo, wazungu waje watazame milima. Hamza ameshamkubalia. Anasema ardhi ni ya ukoo, mwanamke anapita tu. Alhamisi hii tunasikilizwa na wazee. Issa alipokuwa anaumwa aliniambia, 'Usihangaike, shamba nimeliandika.' Nimepekua kila karatasi ndani ya nyumba. Nimepekua hadi ndani ya msahafu. Hakuna."

"Naomba nione meza yake."

Ilikuwa sebuleni, chini ya dirisha, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Meza ya kuandikia, miguu ya mraba inayosinyaa kuelekea chini, kingo zimelainishwa kwa mikono ya miaka mingi. Mkulo mtupu. Saumu alivuta droo. Ilikwama, ikalia, ikatoka kwa kuruka. Alichokishika kilikuwa chepesi kuliko kilivyoonekana, na kilimwachia weusi vidoleni. Pembeni, vichwa vinne vya misumari.

Alitoa kijiti ndani ya daftari, akakipitisha kwenye tundu la meza. Upana, sawa. Kina, sawa. Kimo, sawa.

"Fundi Danieli alikuja hapa lini?"

Mwanaisha alikaa kwenye kiti taratibu. "Alhamisi. Siku moja kabla. Nilimwita mimi, aje aipige randa, tangu mvua ilivyoanza haifunguki. Akaivuta. Akaigeuza chini juu. Mwanangu, yule mzee aliketi pale pale sakafuni. Akaniuliza, 'Nani kamtoa mtoto wangu?' Nikamwambia shemeji alikuja kutazama karatasi za marehemu, akasema mchwa wameingia, akaichukua kuitengenezesha. Akasema, 'Mchwa gani anakula mkulo?'"

"Halafu?"

"Akapima, akaniambia atanifanyia nyingine. Nikamuuliza kuna nini, akasema, 'Nyamaza kwanza, usimwambie mtu. Hamza ni mtu mzima, ana watoto. Nitakwenda kwake jioni hii nimpe nafasi airudishe kwa mkono wake, kesho nitakuja nikueleze mbele yake.' Kesho yake ndiyo nikasikia ukelele."

"Na hukumwambia polisi?"

"Polisi wangapi wamepanda hapa kuniuliza?" Sauti ya Mwanaisha ilibaki chini, lakini mkono wake ulikuwa unakunja kile kitambaa, unakikunjua. "Walisema ni mwanawe. Walisema kamtaja. Ningekuja kituoni kusema nini, kwamba droo yangu inakwama?"

Saumu alirudisha droo mahali pake. Ilikwama nusu ya safari, na pale pale akaiacha.

Aliandika mistari mitatu. Hamza alikuwa ameambiwa Alhamisi jioni. Danieli alikuwa kazini Ijumaa alfajiri, mgongo mlangoni, hakuona sababu ya kugeuka. Mjane alikuwa na maneno, na Dotto alikuwa na maneno, na kwa maneno matupu mkuu wa kituo asingefungua bahasha. Ilitakiwa droo yenyewe. Na mtu mwenye akili angekuwa ameshaitia motoni zamani.

Saa saba na nusu.

*

Kwa Hamza kulikuwa bondeni kabisa, njia ya kuteleza kati ya migomba na kabichi. Moshi ulikuwa unatoka jikoni. Mke wake, Shamsa, alikuwa amekaa kwenye kigoda cha chini akichambua mnavu, mwili mnene, uso wa kupenda wageni.

"Onga mshi!" aliita kabla Saumu hajafika uani. Wakaitikiana Kishambaa, na Shamsa akafurahi. "Kumbe wa kwetu! Wa wapi wewe?"

"Mlola."

"Mlola! Shangazi yangu kaolewa Mlola. Keti, keti. Hamza yuko shambani, nimeshamwita, anakuja kula. Una habari yake?"

"Nina habari yake kidogo."

"Basi utamngoja na chakula. Sisi hatumtoi mtu hapa mikono kavu." Akaendelea kuchambua, mdomo nao ukiendelea. Alizungumzia msiba wa fundi, jinsi Hamza alivyoumia hata kula hali, jinsi anavyoamka na kwenda kusimama mlangoni peke yake. Alimzungumzia Dotto, mtoto mbaya kama yule, Mungu atuepushie. Saumu aliitikia pale palipotakiwa kuitikiwa. Macho yake yalikuwa kwenye kona ya ukumbi wa jiko.

Juu ya mawe matatu kulikuwa na sanduku la chini, pana, lisilo na kifuniko. Ndani yake, majani makavu, na juu ya majani kuku mwekundu aliyetuna, jicho moja kwa mgeni. Sanduku lilikuwa la rangi ya asali iliyokolea. Kwenye pembe yake, mbao mbili zilikuwa zimeumana kama vidole.

"Kuku wako ana nyumba nzuri, dada."

Shamsa akacheka hadi mabega yakatikisika. "Ile? Hamza aliniletea kama kuni! Kaniambia itie jikoni, ni mbao mbovu. Nikanusa. Mkulo! Nani anatia mkulo motoni siku hizi? Na utitiri ulikuwa umenimalizia kuku, ile harufu hauisogelei. Nikamwekea. Tangu hapo kila yai linatotolewa. Yeye hata hajui, jikoni kwangu haingii."

Saumu alisimama. Alikwenda taratibu, kijiti mkononi, kuku akimkodolea. Upana, sawa. Kina, sawa. Kimo, sawa. Alihesabu meno ya pembe moja: matano. Akahesabu ya pembe ya pili.

"Dada Shamsa, nishikie mayai."

"Mayai? Unamwamsha kuku wangu kwa nini?"

"Nishikie tu. Naomba."

Kulikuwa na kitu katika sauti hiyo ambacho Shamsa hakukipinga. Alikinga kanga. Kuku alidonoa, akapiga mabawa, akaruka juu ya jiwe akilalamika. Mayai sita, ya moto, yakaingia kwenye kanga moja moja. Saumu akamwaga majani, akaipindua droo chini juu, akaisogeza kwenye mwanga.

Mawe yalikuwa yameinyanyua isiguse udongo. Maandishi yalikuwa safi, penseli nene ya fundi, mwandiko wa mtu aliyesoma zamani:

*Mimi Issa, nikiwa na akili zangu, nasema shamba la miplamu tangu mfereji hadi nyumba ni la mke wangu Mwanaisha, tumelilima wote. Karatasi huliwa na panya, ndiyo maana nimeandika hapa. Shahidi ni aliyemtengeneza mtoto huyu, Danieli. Februari 1989.*

Chini yake, jina la fundi, na alama yake ndogo, jino moja lenye kiuno chembamba.

"Kimeandikwa nini?" Shamsa aliuliza. Hakujua kusoma. "Mgeni? Kimeandikwa nini?"

Nyuma yao jembe liligusa jiwe.

Hamza alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, suruali imekunjwa hadi magotini, jembe limeshikwa kwa mikono miwili. Alimtazama kuku juu ya jiwe. Alitazama mayai kwenye kanga ya mke wake. Mwisho alitazama droo, na hapo macho yakakaa. Saumu aliiweka droo chini, kati ya miguu yake, akanyoosha mgongo. Mikono yake ilikuwa mitupu, na hatua kati yao zilikuwa nne.

"Nilikwambia uchome," Hamza alisema.

"Mkulo, baba Saidi," Shamsa alisema. "Ulikuwa mkulo."

Hamza aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelezwa jambo la haki. Kuku alishuka, akazunguka, akatafuta kiota chake akakikosa.

"Nilikwenda kumwomba," alisema, akimwambia Saumu. "Nilimwomba kwa heshima, anyamaze hadi Alhamisi ipite. Hakugeuka hata kunitazama. Alikuwa anakata meno tu. Ananiambia, 'Mrudishe mtoto kwao, Hamza.' Anakata tu."

Shamsa alikuwa amekaa chini, pale pale kwenye udongo, mayai bado kwenye kanga, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza kitu kutoka mbali.

"Dotto bado yuko hapo kituoni?" Hamza aliuliza.

"Gari lake la Tanga linaondoka saa tisa," Saumu alisema. "Litakwenda na mtu mmoja."

Hamza alitazama jua, akapima. Aliegemeza jembe ukutani, mpini juu, kama kila siku. Alijimiminia maji kutoka kwenye kibuyu, akanawa mikono, akainawa tena hadi kwenye viwiko. Kisha akaufungua mlango wa nyumba yake, akasogea pembeni kumpisha mgeni.

"Karibu ndani, Afande. Ugali umeiva. Tule kwanza, ni mbali Tanga."